Mama Vumbi, Mchongaji Aliyezika Mawe Yake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika, siku ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2019, saa tisa alasiri, nilimpelekea mke wangu chai uani, vikombe vitatu kwenye sinia, kimoja chake, kimoja changu na kimoja cha dada yake, nikiwa nimevipanga kwa mstari kama ninavyopanga kila kitu, naye akaliangalia lile sinia kwa muda, akanyoosha mkono, akakisogeza kikombe kimoja pembeni kwa upana wa vidole viwili hivi, akasema, "Sasa wanaweza kuongea," kisha akanywa chai yake mpaka nusu. Dada yake akasema chai imepoa kwa kusubiri vikombe vimalize mazungumzo, tukacheka wote watatu, na yeye akacheka pia, ingawa kucheka siku zile kulikuwa kunamkohoza. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu, nimeanza nalo kwa sababu mengine yote nitakayosoma yana tarehe na vyeti, hilo halina cheti.

Mimi ni mume wake. Shemeji yangu, huyo dada yake mkubwa, alipendekeza asome mtu mwingine kwa kuihofia sauti yangu, lakini kazi yangu kwa miaka thelathini na sita imekuwa kupima ardhi na kuwafundisha wengine kupima, nami nisingeweza kukaa kwenye kiti nikisikiliza tarehe zikisomwa kwa kukisia. Najua pia kwamba kuna swali linalozunguka tangu juzi, limepita sebuleni, limefika jikoni na limerudi, kwamba asubuhi ile baada ya kifo mume alikuwa wapi, na kama ni kweli alionekana katika uwanja wa hospitali ameshika sepeto, anachimba shimo la jiwe kabla kaburi la mke wake halijaanza kuchimbwa. Ni kweli. Nitalijibu mahali pake, baada ya mambo yanayolitangulia, kwa kuwa bila hayo jibu langu litakuwa jibu la mtu aliyechanganyikiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji, katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake na ambayo mpaka leo haina ufa. Mzee yule hakuwa mtu wa kusifu, ukuta ukimridhisha aliukalia, ukimkera alisimama kando yake akavuta pumzi kwa pua, na wenye nyumba walijifunza kumtazama anapokaa badala ya kumuuliza. Mke wangu alipokuwa na umri wa miaka sita alikuwa tayari anatumwa kumgeuzia baba yake mawe ya msingi, akiambiwa, "Mgeuze tena huyo, bado hajakaa," maana mzee aliyataja mawe kama watu, na kwa mtoto yule hilo halikuwa ajabu, alikua akiamini kwamba kila jiwe lina namna yake ya kukaa na kwamba kazi ya mtu ni kuigundua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, akafaulu hesabu kwa alama za juu na kufeli ushonaji kwa alama za chini kabisa darasani, jambo lililomfanya mama yake atangaze mtaani kwamba mtoto huyu ni wa baba yake peke yake. Baada ya shule alibaki nyumbani akiwahesabia mafundi wa baba yake mifuko ya saruji, na tarehe 12 Februari 1979 akaajiriwa kuwa mtunza stoo katika ujenzi wa daraja, kazi iliyokuwa chini ya kampuni kutoka Japani. Mengi yaliyosemwa na kuandikwa juu yake baadaye yanaanzia katika stoo ile, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Fundi mkuu wa mbao katika daraja lile, aliyetengeneza kalibu za mbao za kumwagia zege, alikuwa mzee Mjapani wa miaka sitini hivi, ambaye katika lugha yetu alijua neno moja tu, vuta. Misumeno ya kwao hukata inapovutwa, yetu hukata inaposukumwa, basi kutwa nzima alipita kati ya vijana wetu akisema, "Vuta, vuta," mpaka wakampa jina la Mzee Vuta, na wapo waliodai kwamba wameruhusiwa kuvuta sigara kazini, wakawasha. Mke wangu, akishagawa misumari ya asubuhi, alikwenda kusimama karibu na meza ya mzee yule, hakuuliza kitu wala asingeweza kuuliza, na wiki ya tatu mzee akamkabidhi msumeno. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba ukisukuma unagombana na ubao, ukivuta unauita uje. Jumapili moja alimwona Mzee Vuta akiweka mawe matatu ya mtoni mbele ya ofisi, akichimba, akiweka, akienda mbali kuyatazama, akirudi kuyatoa na kuchimba tena, siku nzima ikaishia hapo, na Jumatatu mhandisi akajikwaa kwenye jiwe la kwanza na kutukana. Kila mtu alicheka isipokuwa mtunza stoo, ambaye alikuwa ameona kitu alichokuwa akikiona kwao tangu utotoni na hakuwahi kujua kwamba watu wengine nao wanakifanya.

Daraja lilikamilika Juni 1981, Mzee Vuta akarudi kwao, akamwachia msumeno mmoja uliofungwa kwa kitambaa na kitabu kinene cha picha za bustani za mawe, chenye maandishi ambayo hakuna mtu hapa aliyeweza kuyasoma. Hawakuandikiana tena. Septemba mwaka ule akaingia chuo cha sanaa, akasoma uchongaji kwa miaka mitatu na kuhitimu kwa stashahada mwaka 1984.

Tulikutana chuoni hapo mwaka 1982, mimi nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa pili, nimetumwa na mwalimu wangu kupima mpaka wa kiwanja, na kigingi changu namba kumi na nne kikaangukia juu ya jiwe alilokuwa ameliweka yeye. Nilimwomba alisogeze jiwe, akaniomba nisogeze mpaka. Nilimweleza kwa dakika ishirini kwamba mpaka hausogezwi, akanisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Na hili nalo ndivyo lilivyo," na mwishowe niliweka alama ya rangi nyeupe juu ya jiwe na kuandika kwenye ramani kwamba kigingi namba kumi na nne ni jiwe. Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, na katika miaka thelathini na minne na miezi kumi ya ndoa yetu sikumbuki kama kuna ubishi uliokwisha kwa namna tofauti na ule.

Mungu alitujalia watoto watatu. Binti yetu wa kwanza alizaliwa tarehe 17 Aprili 1986, ni mfamasia, na ndiye aliyewapokea tangu Ijumaa. Mdogo wake wa kiume alizaliwa tarehe 2 Julai 1988, akaishi siku tisa. Wa tatu, fundi umeme, alizaliwa tarehe 30 Januari 1991, ndiye aliyefunga taa hizi na vipaza sauti hivi. Nimewataja wote watatu kwa sababu mama yao alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu watatu, na hakufafanua.

Mwaka 1989, bila kumwambia, nilikichukua kile kitabu cha Mzee Vuta nikampelekea mhadhiri mwenzangu wa lugha aliyewahi kusoma Japani, akakifasiri kwa wiki sita, kurasa arobaini zilizopigwa chapa. Nilitegemea hekima kubwa, falsafa ya utupu na ukimya, mambo ambayo watu husema juu ya nchi ile, kumbe kilikuwa kitabu cha mwongozo kwa vibarua wa bustani, jinsi ya kufunga kamba kwenye jiwe, jinsi watu wanne wanavyolibeba bila kuumizana migongo, jinsi ya kulilowesha kabla ya kuliweka, na jinsi ya kulizika sehemu yake ardhini mpaka lisionekane limewekwa na mtu. Niliona haya kidogo kwa niaba yake. Yeye alizisoma kurasa zile zote akiwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Kumbe ni baba." Mimi nilikuwa na swali moja tu, kwamba mwongozo haukutaja kina, jiwe lizikwe sentimita ngapi, nikamrudia mhadhiri kumuuliza kama kuna namba aliyoiruka, akaniapia kwamba hakuna.

Katika kurasa zile kulikuwa na neno moja alilolipenda, suteishi, maana yake jiwe lililotupwa, yaani lile jiwe katika bustani ambalo halina jina wala kazi, hakuna anayelitazama, lakini likiondolewa watu huhisi kuna kitu kimekosekana na hawajui ni nini. Wiki ile ile aliweka jiwe karibu na mlango wetu wa nyuma, la kijivu, fupi, halifiki goti. Wengi wenu mmelikalia tangu Ijumaa mkivua viatu au mkimenya viazi. Hilo ndilo la yule wa siku tisa. Hakuniambia nilifiche, wala hakuniambia nilitangaze, nimeona leo lisemwe, na mnaweza kuendelea kulikalia, ndivyo alivyotaka.

Kikazi, alifundisha sanaa katika sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1985 hadi Desemba 1997, na kuanzia mwaka 1990 alikuwa na karakana yake nyuma ya nyumba, mita sita kwa tisa, paa la bati, sakafu ya udongo kwa sababu alisema zege linawachosha mawe na watu. Huko ndiko alikopata jina la Mama Vumbi, watoto wa mtaa walimpa walipomwona akienda dukani na nyusi nyeupe, naye akalipokea, akawa anajitambulisha hivyo hata kwenye simu. Alifanya maonyesho kumi na moja, nane hapa na matatu nchi za jirani. Mwandishi mmoja wa gazeti aliwahi kumwita Mjapani wa mtaa wa pili, akiuliza kwa nini mama wa hapa asichonge vya hapa, na wanafunzi wake wa zamani walikasirika kuliko yeye, aliyesema tu kwamba huyo bwana hajawahi kumwona baba yake akijenga. Mwaka 2006 alialikwa kwenda Japani kwa miezi mitatu, barua ya mwaliko ninayo, akakataa kwa shukrani. Nilipombana sana alisema anaogopa kukuta kila mtu kule ni Mzee Vuta, au akute hakuna hata mmoja.

Kabla sijaingia kwenye ugonjwa, kuna kosa langu ambalo lazima liwemo katika historia hii. Agosti 1998, akijiandaa kwa maonyesho, aliitwa kumuuguza mama yake, akakaa siku kumi na sita, na karakanani aliacha jiwe kubwa ambalo mbele lilikuwa limenyooshwa vizuri sana na nyuma lilikuwa kama lilivyotoka machimboni, na alama za nyundo na tindo za wachimbaji. Nilidhani amekosa muda. Nikaazima mashine ya kusaga, nikavaa miwani ya kinga, nikafanya kazi siku mbili, nikaulainisha upande ule kwa usahihi ambao hata leo siuonei aibu. Aliporudi, mkoba ukiwa bado begani, alipitisha kiganja juu ya jiwe kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Ahsante, Baba Watoto," akaenda kupika. Hakulizungumza tena kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili aliniambia kwamba upande ule ulikuwa wa jiwe lenyewe, alikuwa ameliachia. Jiwe lile lilisifiwa, lilipigwa picha magazetini, na mpaka leo limesimama katika jengo moja la umma likiwa na jina lake chini, ingawa yeye hakulitia alama yake, na natangaza mbele yenu kwamba upande unaopigwa picha zaidi ni kazi ya mpima ardhi. Tangu siku ile niliingia karakanani mikono ikiwa mfukoni.

Kikohozi kilianza mwaka 2011. Tarehe 22 Agosti 2014 daktari wa mapafu alituonyesha picha na kutueleza kwamba ni makovu yanayotokana na vumbi la mawe, hayarudi nyuma, yanaweza tu kucheleweshwa. Miaka tisa ya mwanzo alichonga akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, nami niliyekuwa nahesabu kila kitu katika nyumba ile sikuwahi kuhesabu vumbi. Baada ya picha zile alichonga kwa maji tu, na zaidi kwa mikono ya mwanafunzi wake wa zamani ambaye sote tunamwita Tindo, mama wa makamo anayesema maneno kumi kwa siku, na kuanzia Machi 2018 alitumia mtungi wa oksijeni, akauvisha foronya ya maua, maana alisema rangi yake inamfokea.

Kazi yake ya mwisho aliipokea tarehe 5 Februari 2018 kutoka bodi ya hospitali, sanamu ya kuwekwa katika uwanja wa wodi ya wazazi. Alikwenda kukaa pale siku nne, kwenye kiti cha kukunja, akitazama. Aliona kwamba waliotoka na mtoto walikuwa na pa kwenda, gari linangoja, ndugu wanapokea mizigo, lakini waliotoka bila mtoto walisimama ukutani, kwa sababu mabenchi yote yanatazama lango na aliyeketi huko hutazamwa na kila anayeingia. Alichotaka ni jiwe fupi karibu na ukuta, chini ya dirisha la maabara, lenye mgongo wa asili, ambalo mtu anaweza kulikalia bila kuulizwa lolote. Alilipata machimboni Oktoba ile, urefu wa mita moja na sentimita ishirini, kimo sentimita sitini na tano, uzito kilo mia tisa, na katika mwaka mzima yeye na Tindo waliligusa kidogo sana, wakiondoa tu kile kilichokuwa kinamchoma mtu anapoketi. Kwa mkaa akachora mstari chini, sentimita ishirini na nne kutoka kwenye kitako, hapo ndipo ardhi ingefika.

Mwenyekiti wa bodi alikuja kulitazama tarehe 2 Septemba mwaka huu, akalizunguka mara mbili, akasema, "Mama, hili bado ni jiwe." Mke wangu akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa." Mwenyekiti akauliza litamalizika lini, akaeleza kwamba bodi inataka kitu kinachong'aa, kiwekwe katikati ya uwanja juu ya nguzo ya zege, na bamba la shaba lenye majina, na aliposikia kwamba theluthi nzima itakwenda ardhini alimgeukia katibu wake akauliza nani anayeagiza kitu halafu akizike. Simlaumu, mimi mwenyewe niliwahi kuwa na mashine ya kusaga mkononi. Tarehe 30 Septemba ikaja barua, kwamba wageni wa hospitali wanatarajiwa Jumanne, tarehe 15 Oktoba, na kama kazi haitakuwa imewekwa hadi Jumamosi, tarehe 12, bodi italichukua jiwe na kumpa fundi mwingine alilainishe na kulimalizia. Mkataba ulikuwa wazi, kifungu cha sita, kazi ikishawekwa haiguswi bila ridhaa ya msanii au warithi wake, lakini kabla ya kuwekwa bodi ina hiari. Lori lenye winchi likaagizwa kwa Jumamosi ile, saa moja asubuhi, na mke wangu alikusudia kuwepo, kwenye kiti cha magurudumu, na mtungi wake wa maua.

Ijumaa ile, chai ilipokuwa bado mezani, saa kumi kasoro robo, pumzi ikamkatika. Jirani yetu wa kushoto alitupeleka hospitali, madaktari wakafanya kila walichoweza, na saa kumi na moja na dakika ishirini jioni mke wangu alifariki dunia, mimi, dada yake na binti yetu tukiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi saba na siku nane.

Shukrani kwa kawaida huja mwisho, mimi naziweka hapa kwa sababu kuna jambo moja nimelibakiza. Tunamshukuru daktari wa mapafu, ambaye kwa miaka mitano hakutudanganya hata mara moja, na wauguzi wa wodi namba tatu, waliomruhusu abadilishe mahali pa kiti cha wageni kila alipolazwa. Tunamshukuru jirani wa kushoto, aliyeacha gari langoni pa hospitali milango yote minne ikiwa wazi akakimbia kutafuta machela, na majirani wote mlioishi na kelele zetu kwa miaka ishirini na tisa mkafua nguo zenu mara mbili bila kulalamika, au mkilalamika kwa upole. Tunawashukuru walimu na wanafunzi wake wa zamani, wafanyakazi wenzangu wa chuo, na Tindo, ambaye najua hataki kutajwa.

Sasa, asubuhi ya Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu nilimwambia shemeji yangu kwamba nakwenda kuweka jiwe. Akasema, "Leo, shemeji? Watu watasema nini?" Nikamwambia watasema. Akaona nimekwisha kushika sepeto, akasema, "Basi vaa viatu, usiende na kandambili," akaniletea viatu. Binti yetu akabaki na wageni, nami nikaondoka na Tindo kwenye lori.

Tulifika saa mbili kasoro robo. Nilipima kutoka ukutani, nikafunga uzi, tukachimba sentimita ishirini na nne kamili, nikahakikisha kwa pimamaji kwamba sakafu ya shimo iko sawa, Tindo akalilowesha jiwe, winchi ikalishusha, na mstari wa mkaa ukalingana na udongo pande zote. Nikaenda mpaka langoni, nikageuka kulitazama. Lilikuwa limewekwa sawasawa, na lilionekana limewekwa, kama mzigo ambao mwenyewe anarudi kuuchukua. Nikamuuliza Tindo anaonaje, akasema, "Wewe ndiye mwenye namba, Mwalimu." Namba ilikuwa yake, kwa mkono wake, na mara ya mwisho nilipojua zaidi yake nilikula siku kumi na moja za ukimya. Nikamwambia dereva alitoe.

Dereva akasema, "Mzee, si mlisema ishirini na nne?" Nikasema nilisema. Tukachimba tena, nikaenda langoni, bado, tukalitoa, tukachimba tena. Nimetafuta sababu tangu siku ile, huenda aliuchora mstari akiwa ameketi kwenye kiti, na jicho la aliyeketi liko chini kuliko la anayetembea, huenda udongo ulisawazishwa baada ya yeye kuuona, sina hakika na sitakuwa nayo. Mara ya tatu dereva aliuliza tunachimba mpaka wapi, nikamjibu kwamba sijui, achimbe taratibu tu, jibu ambalo sijawahi kumpa mtu yeyote maishani mwangu. Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Jiwe liliposhuka mara ya nne, Tindo alikuwa tayari anarudishia udongo kwa miguu kabla sijafika langoni, na dereva, akiwa ameegemea mlango wa lori, akasema, "Hapo sasa. Kama lilikuwepo."

Saa tatu na nusu katibu wa bodi alifika na bamba la shaba na fomu ya makabidhiano. Alitafuta sanamu katikati ya uwanja, nikamwonyesha ukutani, akauliza sehemu nyingine iko wapi, nikamwambia iko chini. Alikuwa mtu mwungwana, alikuwa amekwisha kupata habari za msiba, akalirudisha bamba kwenye gari, akanipa fomu. Kulikuwa na mahali pa urefu, nikajaza, mahali pa upana, nikajaza, na mahali pa kina cha msingi. Fomu za namna hiyo nimezijaza maelfu, na nimewafelisha wanafunzi waliorudisha karatasi yenye nafasi moja tupu. Niliiruka nafasi ile, nikatia sahihi kama mrithi wa msanii, nikaandika tarehe na saa, nikarudi nyumbani kuwapokea ninyi.

Upumzike salama, mke wangu.